Muulize Mjomba: Baridi ya jangwani, maji ya dumu na gari la kulala ndani

Mwangaluka wasomaji wangu, na wa Kigoma nawasalimu pia. Toleo lililopita niligusia kidogo tu ile miezi miwili na nusu niliyokaa na mdogo wangu wa kike na shemeji kwenye jangwa la Arizona huko Marekani, tukiishi ndani ya gari lenye kitanda, jiko na choo humo humo, hakuna nguzo ya umeme, hakuna bomba, jirani wa karibu yuko hatua mia mbili. Nilidhani ni habari ya kupita tu, kumbe maswali yamekuja mengi mpaka mhariri kaniambia Mjomba safari hii jibu hayo peke yake. Kwa wasionijua, mimi ni fundi betri na umeme wa magari hapa Tabora mjini, kazi hii naifanya tangu kijana, kwa hiyo kwenye mambo ya betri mtanisamehe nitaongea sana.

Shikamoo Mjomba. Mwanangu wa pili yuko Marekani mwaka wa tisa huu. Amenialika nikakae nae kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa tatu, nikafurahi, alafu ndo ananiambia tutakaa jangwani kwenye gari. Sikulala usiku ule, nimejua kafukuzwa nyumba. Shemeji zangu wanasema nisiende, ni kwenda kuona aibu. Nieleze ukweli. (Mama wa watatu, Gungu, Kigoma)

Marahaba dada yangu, na pole kwa usiku huo. Ukweli ni huu, usimhukumu mwanao kwa neno "gari" kabla hujajua ni gari gani na yuko nalo kwa sababu gani. Kule kaskazini mwa Marekani na Kanada mwezi wa kwanza ni theluji mpaka madirishani, sasa wazee wengi wastaafu wanafunga nyumba zao wanawasha magari yao ya kulala wanashuka kusini kwenye jangwa ambako mchana kuna jua zuri la kukaa nje na kikombe chako, wanakaa huko mpaka joto lirudi kwao. Wenyewe wanawaita ndege wa theluji, maana wanahama kama ndege. Kuna mji mdogo unaitwa Quartzsite, wakazi wake wa kudumu ni elfu chache tu, lakini ukifika mwezi wa kwanza ukasimama juu ya kilima unaona magari meupe yametapakaa jangwani mpaka macho yanachoka. Humo yumo daktari mstaafu, yumo dereva wa lori, yumo mjane na mbwa wake.

Ila sitakudanganya, wapo pia wanaoishi hivyo kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda, hao nimewaona na nimekunywa nao kahawa, ni watu wazima wenye heshima zao. Kwa hiyo muulize mwanao kwa upole, mwanangu unakaa huko kwa kupenda au kwa kubanwa? Akikujibu, vyovyote vile nenda. Kama ni kupenda utafurahi nae, kama amebanwa basi ndo wakati anamhitaji mama yake, aibu iko wapi hapo.

Mjomba hivi hao watu wanajipangia tu popote kama wafugaji? Serikali ya kule haiwafukuzi? (Kijana wa Urambo)

Hawajipangii tu. Ardhi kubwa ya jangwa kule ni ya serikali kuu, kuna ofisi inayoisimamia, na sehemu nyingi unaruhusiwa kupiga kambi bure siku 14 ndani ya kila siku 28, zikiisha unang'oa unasogea mbali, kule Arizona ni zaidi ya kilomita 40. Ukitaka kukaa msimu mzima kuna maeneo maalumu yaliyoanzishwa mwaka 1983, hapo Quartzsite panaitwa La Posa, msimu unaanza tarehe 15 mwezi wa 9 mpaka tarehe 15 mwezi wa 4, sisi tulilipa dola 180 kwa msimu wote na tukawa na haki ya kuchota maji na kumwaga uchafu. Jenereta saa nne usiku zima, usiiwashe mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Taka zako unaondoka nazo. Hilo la taka nililipenda sana, nilitembea asubuhi nyingi sikuona hata mfuko wa nailoni umenasa kwenye mti.

Jangwa na baridi wapi na wapi? Au ulikuwa unatuchangamsha? (Mwalimu, Kaliua)

Mwalimu, swali lako nililiuliza mimi mwenyewe nikiwa bado nafunga begi, mdogo wangu kanambia beba sweta mbili nikabeba moja.

Sikia sasa. Sisi Tabora tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba tunaijua, asubuhi ukitoka kwenda msikitini unajifunika. Quartzsite iko chini sana, haifiki hata mita 300, na bado usiku wa mwezi wa kwanza unakaribia nyuzi sifuri na siku nyingine unashuka chini yake. Sababu ni hewa kavu. Hapa kwetu mawingu na unyevu vinakaa juu yetu kama blanketi, joto la mchana linabaki baki. Kule hakuna blanketi, jua likizama tu ardhi inaachia joto lote linaenda zake angani, yaani unakaa nje na fulana saa kumi jioni, saa moja na nusu unatafuta koti, saa tisa usiku maji kwenye mpira wa nje yamekuwa mti. Kweli kabisa, niliushika ule mpira asubuhi ukawa mgumu kama fimbo, ukiukunja unalia kr kr kr ndani. Shemeji akanionyesha, jioni unaukung'uta maji yote unauingiza ndani, la sivyo unapasuka.

Mchana wenyewe ni mzuri mno, nyuzi 18, 20, jua kali kidogo halichomi. Ndo maana wanakwenda. Kiangazi hakuendeki, jangwa hilo hilo linapita nyuzi 45.

Shikamoo Mjomba, mimi ni fundi sola mdogo hapa Nzega. Naomba unipe hesabu halisi, sio maneno. Paneli ngapi, betri ngapi, na inakuwaje usiku? (Fundi, Nzega)

Marahaba mdogo wangu, hapa umenishika panapostahili.

Gari la mdogo wangu lilikuwa na betri mbili za maji, za volti 12, ampea-saa 100 kila moja (yaani inaweza kutoa ampea moja kwa masaa 100), jumla 200. Wewe fundi unajua betri ya maji usiinywe yote, ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo cha kutumia ni 100 tu. Sasa mlaji mkubwa sio taa wala simu, ni feni ya hita. Hita inachoma gesi, ndiyo, lakini ile hewa ya moto inasukumwa na feni na feni inakula kama ampea 7. Usiku wa kule mwezi wa kwanza ni mrefu, giza kama masaa 14, hita ikifanya kazi jumla masaa 6 tu umeshakula 42. Weka pampu ya maji, taa, simu tatu, redio ya shemeji, unafika 55, 60.

Asubuhi unategemea jua lirudishe. Tulikuwa na paneli ya wati 200 na hapa ndipo watu wa kwetu wanaokwenda kule wanakosea, wanailaza juu ya paa kama tunavyofanya hapa. Tabora tuko karibu na mstari wa ikweta, jua linapita utosini, paneli ukiilaza karibu bapa inakula vizuri. Kule mwezi wa 12 na wa kwanza jua saa sita mchana liko nyuzi 33 tu hivi kutoka chini, linapita upande wa kusini kama mtu anachungulia dirishani, paneli iliyolala inapata nusu nusu. Tukafunga miguu ya bawaba tukaiinamisha iangalie kusini, imesimama zaidi ya nusu, na siku ile ile nikaona kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya sola, ampea zimepanda. Kwa hiyo siku nzuri inarudisha kama 50, siku ya mawingu hata 15 hupati. Unaona mwenyewe hesabu ilivyobana, hamna cha kuchezea.

Sasa wiki ya pili yakaja mawingu siku mbili mfululizo. Usiku wa pili saa tisa nikaamka pua inauma kwa baridi. Nikasikiliza, feni kimya. Dirisha la kitandani kwangu lilikuwa na barafu nyembamba upande wa NDANI, pumzi zetu zilikuwa zimeganda pale, nikapitisha ukucha ikatoka kama unga. Kulipokucha nikafungua sanduku la betri na haidromita yangu, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri (niliibeba toka Tabora, mdogo wangu alishangaa nabeba nini, mimi bila hiyo sisafiri). Betri ya kwanza selo zote sita, yaani vile vyumba vya ndani ya betri, zinasoma karibu karibu. Ya pili selo ya tatu ikasoma 1.100 wakati wenzake wako 1.230, selo imekufa hiyo, inawavuta wengine wote chini. Na hii betri walikuwa wameuziwa kama mpya mwezi mmoja nyuma, kwenye duka moja la njiani, kumbe mpya ni stika. Iliniuma, maana mdogo wangu anafanya kazi ya kutunza wagonjwa usiku na usiku pesa ile aipate, alafu mtu anamuuzia betri mfu kwa sababu hajui kupima. Naomba kila mwenye gari asome hapa, kabla hujalipa mwambie muuzaji apime selo moja moja mbele yako, betri iliyojaa na nzima inasoma kama 1.265, zikipishana sana usiichukue hata akupunguzie nusu bei.

Tukaitoa ile betri kwenye laini, tukaishi na moja kwa siku nne, hita tukaishusha, tukalala na chupa za maji ya moto miguuni. Alafu shemeji akanunua betri ya lithiamu moja ya ampea-saa 100. Hiyo unaweza kuitumia mpaka ibaki robo au hata chini ya hapo bila kuiumiza, ni nyepesi mno, ila ina masharti yake, usiichaji ikiwa imeganda chini ya nyuzi sifuri, inaharibika ndani moja kwa moja. Kwa hiyo tuliiweka ndani ya gari chini ya kiti, isilale nje.

Mjomba kwani wasiingize tu jiko la mkaa ndani wakati wa kulala, si gari lenyewe dogo lingepata moto haraka? Sisi huku dukani usiku tunafanya hivyo. (Muuza duka, Mwanga, Kigoma)

Mdogo wangu hapana. Hapana tena na tena, na nakuomba leo leo jioni ulitoe hilo jiko humo dukani.

Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haichomi macho kama moshi. Inaingia kwenye damu inakaa pale ambapo hewa nzuri ilitakiwa ikae, na haitoki kirahisi. Mtu hahisi kukabwa, anahisi usingizi mzito na kichwa kinagonga, analala, basi. Kufungua kidirisha kidogo hakutoshi. Miaka ya nyuma mtaani kwetu niliitwa asubuhi kusaidia kufungua mlango wa vijana wawili, nilikuta jiko bado lina majivu ya uvuguvugu na blanketi zimekunjwa vizuri miguuni. Mmoja tulimuwahi. Mpaka leo nikiona jiko limeingizwa chumbani nanyanyuka mwenyewe nalitoa nje hata kama ni kwa watu.

Kule kwenye magari hita yenyewe bomba lake la moshi linatoka nje, na bado kuna king'ora kidogo ukutani kinacholia gesi hiyo ikizidi. Mdogo wangu alikuwa anakijaribu kila Jumapili, anabonyeza kinapiga kelele ndo anaridhika. Kama unaona baridi hapo dukani nunua blanketi la pili.

Maji mnapata wapi? Na choo je? Naona aibu kuuliza lakini nataka kujua. (Binti, Kachoma, Tabora)

Usione aibu binti yangu, hilo ndo swali la kwanza anatakiwa kuuliza yeyote anayekwenda.

Gari lilikuwa na tangi la lita 150 za maji safi. Juu yake tulibeba madumu sita ya lita 20, jumla 270. Tuligawa kwa siku 14, inakuja kama lita 19 kwa siku kwa watu watatu, kila mtu lita sita na kidogo, hapo ni kunywa, kupika, kuosha vyombo na kujisafisha. Majirani zetu wenye magari makubwa walikuwa wanamaliza maji siku ya tano wanawasha gari kwenda kuchota. Sisi tulifika siku ya 14. Na sababu sio ujanja wa shemeji, ni mdogo wangu kalelewa nyumba ambayo dumu lilitoka kisimani kichwani, anajua kuoga lita mbili na kopo akatoka anang'aa, anajua maji ya kuoshea mchele yanaoshea sufuria na ya sufuria yanasuuza sahani za kwanza. Kuna mama mmoja wa Kanada alikuja kukaa na sisi mchana akamuangalia anaosha vyombo vya watu watano kwa beseni moja, akaomba afundishwe, akaandika kwenye daftari. Mimi nilijisikia vizuri sana siku ile, nikamkumbuka mama yetu.

Choo kina tangi lake peke yake, maji ya kuogea na vyombo yana tangi lake, hayachanganywi. Yakijaa unapeleka gari kituo cha kumwagia, unavaa glovu, unaunga mpira mnene, unafungua la choo kwanza, likiisha unafungua la maji ya sabuni ili yasuuze mpira. Kazi ya dakika 15. Kumwaga choo ardhini ni kosa kisheria na ni uchafu, hawacheki na mtu.

Kuna nini cha kuona jangwani zaidi ya mchanga? (Msomaji, Ujiji)

Wa Ujiji, wewe nina habari yako maalumu.

Kwanza sio mchanga mtupu, ni changarawe na mawe na miti ya miiba, na mti mkubwa wa kule ni kaktasi anaitwa saguaro, amesimama kama mtu kanyanyua mikono. Mkono wa kwanza unatoka akiwa na miaka 50 mpaka 75, sehemu kavu zaidi anachelewa hata zaidi ya hapo, na anaishi miaka 150 na kuendelea. Nilisimama chini ya mmoja mwenye mikono saba nikawa napiga hesabu, huyu alikuwa mche wakati misafara ya pembe bado inatoka Ujiji kuja Kazeh, yaani Tabora ya zamani. Kuna mwingine mfupi anaitwa cholla, huyo muogope. Kipande chake kinang'oka ukikigusa tu, kinajishika kwenye kiatu au shavu la mguu na miiba yake ina vindoano. Ukivuta kwa mkono kinahamia mkononi. Dawa yake ni kitana, unapitisha meno ya kitana kati ya ngozi na kile kipande unakirusha kwa nguvu mbali na watu, vilivyobaki unatoa na koleo ndogo moja moja. Kila mtu kule ana kitana mfukoni, hata mwenye upara.

Sasa habari yako. Kwenye makaburi ya Quartzsite kuna piramidi ndogo ya mawe na juu yake ngamia wa chuma. Hapo amelala Haji Ali, mtu aliyezaliwa kwenye Dola ya Osmani, akaletwa Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia, jeshi lilikuwa linajaribu kama ngamia watabeba mizigo jangwani. Wamarekani jina likawashinda wakawa wanamwita Hi Jolly, na hivyo ndivyo lilivyoandikwa kaburini. Ngamia walifanya kazi vizuri ila jeshi lilikuja kuacha mpango ule, Haji Ali akabaki, akafia hapo hapo mwaka 1902. Nilisimama pale nikamsomea Fatiha. Mwaka 1857 yeye yuko na msafara wa ngamia wanapima njia ya kwenda California, na mwaka huo huo wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke wanafika Kazeh kwetu hapa wakipokelewa na Waarabu, mwakani yake wakafika kwenu Ujiji. Misafara miwili mabara mawili, na wote shida yao ilikuwa moja, kisima kinachofuata kiko wapi.

Wa Kigoma wote mtapenda Palm Canyon, iko kwenye hifadhi ya Kofa, unatoka Quartzsite kusini karibu kilomita 29 unaingia barabara ya vumbi, alafu unapanda kwa miguu kidogo. Juu kwenye mwanya wa mwamba, sehemu ambayo hutegemei hata nyasi, kuna michikichi ya porini imejibana kivulini imeota yenyewe. Haitoi mawese, ni jamii nyingine, lakini moyo wangu uliruka kuiona. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1939 kwa ajili ya kondoo mwitu wa mlimani wenye pembe za kujikunja, tuliwaona watatu kwa mbali, wanatembea kwenye ukuta wa jabali kama wako uwanjani.

Mwisho tulisafiri mpaka Death Valley upande wa California. Pale Badwater uko mita 86 chini ya usawa wa bahari, na chini yote ni chumvi nyeupe inayokatika chini ya kiatu. Nililamba kidogo, nikawaambia hii nimeshaila, ya Uvinza. Mdogo wangu akacheka mpaka machozi. Shemeji alikuwa anajisifu mahali pa chini kabisa Amerika Kaskazini, nikamwambia sawa, ila ziwa letu Tanganyika uso wake uko juu mita 770 na kina chake kinafika mita 1,470, kwa hiyo sakafu yake iko kama mita 700 chini ya usawa wa bahari, ni vile tu maji yamefunika. Akatoa simu akapiga hesabu mwenyewe akanyamaza.

Na usiku usilale mapema. Nyota za kule ni nyingi mpaka unaona zimekaribia. Kilimia kile kile cha kwetu kiko karibu na utosi saa mbili usiku mwezi wa kwanza, na kaskazini unaiona nyota ya kaskazini imetulia haisogei, ambayo sisi Tabora hatuioni kabisa kwa sababu tuko kusini ya ikweta.

Mama yangu ana pumu na anaogopa nyoka. Aende? (Msomaji, Sikonge)

Nyoka wakati wa baridi wengi wamejificha, shika tochi usiku na ukung'ute viatu asubuhi kwa ajili ya nge. Kinachonipa wasiwasi ni pumu. Vumbi la Arizona lina fangasi anayeleta ugonjwa wa mapafu wanaouita homa ya bonde, na jangwa lina vumbi. Aongee na daktari wake kwanza, dawa zake za kuvuta abebe za kutosha muda wote, na siku ya upepo abaki ndani madirisha yamefungwa.

Mjomba nina Noah, nimetoa viti vya nyuma. Nataka kutoka Tabora mpaka Kigoma nikilala njiani, niende Gombe na Mahale nalo. Nianzie wapi? (Dereva, Kanyenye)

Wazo zuri na nimefurahi, ila Gombe na Mahale Noah haifiki ndani. Zote mbili unaingia kwa boti ziwani na ndani unatembea kwa miguu, hakuna barabara za magari humo. Gari liache Kigoma mahali penye mlinzi. Ukitaka hifadhi ya kuendesha gari ni Katavi, na kwa Noah nenda kiangazi tu, mwezi wa sita mpaka wa tisa, masika ule udongo mweusi wa mbugani utalala nao.

Kulala njiani, usijifiche porini. Fika kijijini kabla jua halijazama, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, jitambulishe, muulize nilale wapi. Atakuonyesha karibu na ofisi au shule, na wewe utalala na amani. Ukilala kimya kimya pembeni ya msitu watu watakuogopa wewe, na sehemu nyingi ni hifadhi za misitu zinazohitaji kibali. Njia ya Urambo, Kaliua mpaka Uvinza unapita miombo mirefu na bonde la Malagarasi, usipitilize mbio, simama daraja la Malagarasi asubuhi uangalie ndege. Nguo ya bluu iliyokoza na nyeusi acha nyumbani, mbung'o wanazifuata hizo rangi. Moto wa kupikia uzime kwa maji mpaka majivu uyashike kwa mkono, mwezi wa nane majani ni petroli.

Jambo moja la kule jangwani lihamishie huku moja kwa moja, usipaki kwenye korongo kavu hata kama pamesawazika vizuri na kuna kivuli. Mvua inaweza kunyesha kilomita nyingi juu huko, kwako jua linawaka, alafu maji yanakuja ukuta mzima na magogo. Kule kila mwaka magari yanabebwa. Angalia kingo, ukiona takataka za majani zimenasa juu ya vichaka ujue maji yalifika hapo.

Mjomba nikienda kwa dada yangu huko nibebe chakula gani? (Msomaji, Buzebazeba)

Kila ulichobeba kitaje kwenye fomu uwanja wa ndege, wakikataa wamekataa, usifiche. Mimi nilipita na michembe mikavu kilo tatu, mkaguzi akaishika, akainusa, akauliza, nikamwambia ni viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, akanirudishia. Kule jangwani michembe ilikuwa mfalme, haiozi, haitaki friji. Unaiosha haraka kwa maji kidogo, unaifunika na maji yapite juu yake kidole kimoja, moto mdogo ili usimalize gesi, ikilainika unatia karanga za kusaga. Yale maji ya kuchemshia yanayobaki usimwage, yana utamu, mdogo wangu alikuwa anayatia kwenye chai ya asubuhi badala ya sukari.